Nimetwishwa mkutano wa watu 280 Arusha. Wazoefu wa mikutano na utalii, naanzia wapi?

Maabara255

Wakuu, heshima kwenu.

Chama chetu cha wataalamu wa maabara za hospitali kina mkutano wa kanda unaozunguka nchi kwa nchi kila baada ya miaka miwili. Zamu hii umeangukia Tanzania, na wenzangu kwenye kamati wamenitwisha mimi kwa sababu moja tu, ndiye ninayekaa Arusha. Tunategemea wajumbe 280 hivi kutoka nchi kama kumi na mbili, siku tatu. Wapo wa Kifaransa, wapo wa Msumbiji na Kireno chao. Hela itatoka kwenye ada ya ushiriki na kwa makampuni ya vifaa vya maabara yatakayochukua mabanda ya maonyesho. Tarehe bado, kamati imegawanyika kati ya Mei na Agosti mwakani.

Mpaka sasa nimezungukia hoteli kuomba profoma (makadirio ya bei). Kila moja ina hesabu yake: huyu anataja bei kwa kichwa kwa siku, yule ukumbi mbali chai mbali, mwingine kaandika kwa dola. Nikizilinganisha sitoki. Halafu mwenyekiti anasisitiza wageni "waione Tanzania", na mimi sijui hilo naliweka saa ngapi kwenye ratiba ambayo tayari imejaa mada.

Shusheni nondo. Wa kejeli pia karibuni, ila saidieni kwanza.

Sombetini Juu

Naweka kambi hapa. Shemeji yangu ana ukumbi.

Kabwela Mstaarabu

Siku ya kwanza hotuba, ya pili picha ya pamoja, ya tatu kugombania fomu ya posho. Panga hilo mkuu, mengine mapambo.

Mzee wa Itifaki

Kabwela, hizo zako ni semina za ndani. Mkutano wa chama cha taaluma ni mnyama mwingine. Hapa mjumbe ndiye anayelipa ili aingie, au mwajiri wake analipa. Anakuja na tiketi aliyonunuliwa, analala hotelini, anakula, anapanda teksi. Ni mtalii ambaye nauli yake ya kuja Afrika Mashariki imeshalipwa na mtu mwingine. Ndiyo maana miji inaigombania mikutano ya namna hii. Lile shirikisho la kimataifa la wadau wa mikutano, ICCA, lenye makao yake Amsterdam huhesabu mkutano ukiwa na watu wasiopungua 50, unafanyika kwa utaratibu unaojirudia, na unazunguka angalau nchi tatu. Mkutano wa Maabara255 una sifa zote hizo.

Sasa wewe mwanangu, umeanza na hoteli. Rudi nyuma, anza na tarehe.

Agosti Arusha si ya kwako. Nyumbu wako kaskazini ya Serengeti wanavuka mto Mara, Wazungu wako likizo, na mji huu ndio mlango wa kuingilia na kutokea. Vitanda vizuri vimeshashikwa na mawakala tangu mwaka wa nyuma, na magari yote ya safari yako porini. Ongeza maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale Themi. Ukienda hotelini Agosti na wajumbe wako 280 wewe ndiye unayeomba. Ukienda Mei, wao ndio wanaokuomba. Masika inaelekea ukingoni, kambi nyingi za porini zilifunga tangu Aprili, waongoza wageni wako nyumbani wanalea watoto, na meneja mauzo anatazama ukumbi mtupu. Hapo ndipo unapopata vyumba vya bure kwa wazungumzaji wako, usafiri wa uwanja wa ndege wa KIA ndani ya bei, na ukumbi wa maandalizi siku moja kabla bila kulipia.

Mei nayo ina yake. Idd el Hajj kwa miaka hii inaangukia Mei, fungua kalenda kabla hujatangaza. Na usisogee mpaka mwanzoni mwa Juni, maana yale maonyesho ya utalii ya KiliFair yanajaza mji.

Nipumzike, nitarudi kwenye bei na kwenye hilo la "kuiona Tanzania", ambalo mwenyekiti wako kalisema kama pambo lakini kwangu ndilo lenye pesa.

Njiro Kwetu

Shikamoo Mzee. Mimi niko mauzo hotelini (sitaji wapi), na asemayo kuhusu Mei ni kweli tupu.

Dada/kaka Maabara255, kwenye zile profoma fanya hivi. Usiombe tena "bei ya mkutano". Andika ombi moja, wape wote lile lile: tarehe, watu 280, ukumbi mkuu mpangilio wa darasa, vyumba vidogo vitatu vya mada sambamba, chai mbili, chakula cha mchana, maji, mabanda kumi na tano ya maonyesho, vyumba vya kulala vingapi kwa usiku gani. Mwishoni andika: bei iwe kwa shilingi na ioneshe VAT ya asilimia 18 imo au haimo. Hapo ndipo watu wanapoanguka. Anaona nafuu, kumbe bei haina kodi wala tozo ya huduma. Na yule aliyekuandikia dola mrudishie, kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi.

Bei ya kwa kichwa kwa siku ina ukumbi ndani yake, na ni nzuri kama una uhakika na idadi. Kama huna, chukua ukumbi peke yake na chakula kwa idadi halisi. Muulize pia idadi ya mwisho ya chakula anaitaka lini. Wengi tunafunga siku tatu kabla. Ukisema 280 wakaja 210, unalipa 280. Sema 230 na uweke makubaliano kwamba jiko litaweza kuongeza kumi kwenye mia.

Na "mpangilio wa darasa" si neno la kupita tu. Ukumbi unaoandikwa watu 500 ni kwa viti vitupu vilivyobanana. Weka meza za kuandikia, idadi inashuka karibu nusu. Weka jukwaa, skrini mbili na vyumba vya wakalimani, inashuka tena. Watu 280 wenye meza wanataka ukumbi ambao kwenye kipeperushi umeandikwa 600 na zaidi.

Maabara255

Dada Njiro Kwetu, asante sana. Nilikuwa nakaribia kusaini wa watu 300.

Kabwela Mstaarabu

Sasa kwa nini asiende AICC, kile kituo cha kimataifa cha mikutano cha hapa Arusha, moja kwa moja? Si ndiyo kazi yake.

Mzee wa Itifaki

Anaweza, na kwa idadi yake yenye lugha tatu na mabanda ningemshauri aipeleke kwenye orodha ya juu kabisa. Lile jengo lilijengwa liwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza. Jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata likageuzwa kituo cha mikutano. Majengo matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na ukumbi wa Simba unaobeba zaidi ya watu elfu moja. Makubaliano ya amani ya Rwanda ya Agosti 1993 yalitiwa saini mji huu, ya Burundi Agosti 2000, na kwa miaka ishirini hivi Mahakama ya Kimbari ya Rwanda ilikuwa mpangaji humo mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. CAF, shirikisho la soka la Afrika, walifanya mkutano wao mkuu hapo 2022. Kwa hiyo wakalimani, mafundi mitambo, madereva wa itifaki, mji huu umewalea.

Ila tofauti na hoteli ni hii: pale wajumbe wanalala kwingine. Unahitaji mabasi asubuhi na jioni, na unahitaji mtu mmoja ambaye kazi yake ni mabasi tu, asiwe na kazi nyingine. Uzuri wake ni kwamba wageni wanatawanyika mjini, wanalala hoteli za bei tofauti, na mwenye posho ndogo ya safari naye anapata pa kulala. Mkutano wa watu wa maabara wa serikali nchi kumi na mbili, wengi mifuko yao si minene. Ukiwafungia kwenye hoteli moja ya nyota nne, nusu hawatakuja.

Fundi Mitambo

Naongezea ya kwangu, fupi.

Umeme. Kila hoteli itakwambia "tuna jenereta ya kujiwasha yenyewe". Sawa, lakini kati ya umeme kukatika na jenereta kushika kuna sekunde kadhaa. Sekunde hizo zinazima projekta, kompyuta ya jukwaani na ruta ya intaneti. Projekta ikizimika ikiwa ya moto inachukua dakika kurudi. Omba UPS (betri ya kushikilia umeme) kwa vitu hivyo vitatu. Ni gharama ndogo, na kwenye mikutano mingi hakuna anayeikumbuka mpaka mzungumzaji asimame gizani.

Intaneti. Watu 280 ni simu na kompyuta 500 na ushee. Usiulize "mna WiFi?", uliza ukumbini kuna vituo vingapi vya kurushia na kila kimoja kinabeba vifaa vingapi. Na jukwaa liwe na laini yake ya waya ambayo wajumbe hawaigusi.

Maikrofoni za mkononi kwa maswali ziwe nne, na vijana wanne wa kuzibeba. Mbili kwa ukumbi wa darasa ni kukimbizana.

Mkalimani wa Zamu

Kwa kuwa una Kifaransa na Kireno: vyumba viwili vya wakalimani, na kila chumba watu wawili, yaani wanne kwa uchache. Mkalimani mmoja hafanyi siku nzima peke yake, tunapokezana kila nusu saa hivi, ubongo unachoka. Waandaaji wengi wakiona bei wanauliza "kwani mmoja hawezi?" Anaweza, mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo mtasikia anachokumbuka.

Mjumbe wa Kongo akiongea Kifaransa, chumba cha Kireno huwa mara nyingi kinamsikiliza mwenzake wa Kiingereza halafu ndiyo kinatafsiri. Kwa hiyo wa Msumbiji wanacheka baada ya wenzao. Waambie wenyeviti wa vikao wasikimbilie swali linalofuata.

Tutumieni mada mapema. Maabara mna vifupisho ambavyo hata daktari vinampiga chenga. Na visikilizi vigawiwe kwa kuacha kitambulisho mezani, la sivyo mtavidai mpaka Lubumbashi.

Mama Sambusa

Wanangu, mmesahau chai. Ratiba zote naziona, "chai, dakika 15". Watu 280, meza moja ukutani, upande mmoja. Mtu wa mwisho anamimina wakati kengele inalia, na hapo ndipo ratiba ya siku nzima inapoanza kukimbizwa.

Meza zikae katikati ya uwazi zifikiwe pande zote mbili. Ziwe nne au tano, kila moja na vyote. Sukari na maziwa visikae kwenye birika, viwekwe kwenye meza ndogo ya kando, maana pale ndipo mtu anaposimama anakoroga na kupiga soga huku nyuma foleni imesimama. Dakika 30, si 15. Na tafadhali sana, tuko Arusha, mashamba ya kahawa yanaanza ukitoka tu mjini. Mgeni ametoka mbali anakuta kopo la kahawa ya unga na maji ya moto! Hiyo ni aibu ya mji mzima.

Chakula: nyama yote iwe halali, hutapoteza kitu. Wahabeshi wa Orthodox Jumatano na Ijumaa hawali nyama, mayai wala maziwa, isipokuwa zile siku hamsini baada ya Pasaka yao. Weka maharage, mboga na ndizi za kutosha zisizoguswa na siagi, na kibandiko juu ya kila sufuria.

Sombetini Juu

Mama Sambusa nimekukubali. Hiyo ya sukari sijawahi kuiwaza.

Nairobi Mtaani

Wandugu wa Bongo, mnaongea vizuri lakini wacha niwachokoze kidogo. Sisi KICC, jumba letu la mikutano, tuko nayo tangu 1973, ilifunguliwa na mkutano wa Benki ya Dunia na IMF ukafanyika hapo mwaka huo huo. WTO, Shirika la Biashara Duniani, walikuja Desemba 2015, mkutano wao wa kwanza wa mawaziri Afrika. Na mgeni wetu akiwa na saa nne pekee za bure, mbuga iko pale tu, kilomita chache kutoka katikati ya jiji. Anatoka hotelini alfajiri, anaona simba, saa nne yuko kwenye kikao na vumbi kwa viatu. Nyinyi mko na Serengeti na Ngorongoro lakini ziko mbali, na KIA kwenyewe ni karibu kilomita hamsini hadi mjini. Kigali wako na uwanja wa ndege ndani ya jiji na Convention Centre yao tangu 2016. Mnashindana aje?

TwendePorini

Jirani, mbona mbuga ya hizo saa nne za bure tunayo? Hifadhi ya Taifa Arusha iko mwendo wa chini ya saa moja kutoka mjini, njia ya kuelekea Usa River. Twiga, mbega weupe kwa weusi, maziwa ya Momella na heroe wake, Mlima Meru umesimama juu yako. Simba hutamuona, ndiyo maana unaweza kutembea kwa miguu na askari wa hifadhi. Kwa nusu siku hakuna kinachoishinda. Tarangire ni siku nzima kwenda na kurudi. Kreta ya Ngorongoro kwa siku moja inawezekana, lakini unaamka saa kumi alfajiri na kurudi usiku. Mimi humwambia mgeni alale Karatu, mji wa jirani na Kreta.

Kwa Mei, Tarangire majani ni marefu na tembo wametawanyika, uzuri wake ni kuanzia Julai. Kreta wanyama hawaendi popote mwaka mzima. Kwa hiyo Maabara255, Mei: Hifadhi ya Arusha kwa wa nusu siku, Kreta kwa wa siku mbili. Usiwape orodha ya vitu kumi na nne.

Shida yetu siyo umbali. Nimebeba wageni wa mikutano miaka mingi. Mkutano unaisha Ijumaa saa kumi, saa kumi na moja wananifuata pale nje na beji zao shingoni: "Kesho tunaweza kwenda Ngorongoro?" Mmoja yuko peke yake, gari ni la watu sita na bei ya gari ni ile ile. Mwingine anataka lakini tiketi yake ni ya usiku huo huo. Wa tatu hana viatu zaidi ya vile vya ofisini. Mwisho wa siku napata mmoja kati ya ishirini waliotaka kwenda.

Mzee wa Itifaki

TwendePorini kanitangulia, na ndipo nilipokuwa naelekea.

Maabara255, soma hapa taratibu. "Kuiona Tanzania" hakuingii kwenye ratiba ya siku tatu. Kunaingia kwenye fomu ya usajili, miezi sita kabla. Mjumbe akishakata tiketi ya kurudi Ijumaa usiku umempoteza, hata ukimpigia ngoma za Kimasai ukumbini. Kwa hiyo siku unayofungua usajili, kwenye ukurasa ule ule anapojaza jina na nchi, kuwe na swali: unabaki Jumamosi na Jumapili? Chini yake vitu viwili tu, kila kimoja na bei yake kwa kiti, si kwa gari. Alipe pamoja na ada. Hoteli ikubaliane tangu mwanzo kwamba bei ya mkutano inaanza usiku mbili kabla na kuendelea usiku tatu baada. Hilo Mei watakubali bila kusukumana.

Tumia hesabu ya TwendePorini. Mgeni mmoja akikodi gari analipa gari zima. Sita waliojiandikisha tangu Februari wanagawana. Kwa mtu wa maabara wa Malawi au Burundi hiyo ndiyo tofauti ya kwenda na kutokwenda. Na wewe ukijua mapema kwamba arobaini wanabaki, unampelekea wakala orodha ya majina na uraia, analipia viingilio kwa mfumo kabla, hakuna mtu wa kusimama getini anatafuta mtandao. Uraia ni muhimu, viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni shilingi na viko chini sana kuliko vya wageni wengine. Nusu ya wajumbe wako wana haki hiyo na hawaijui. Wabebe pasi au vitambulisho vyao.

Tena fungia mkutano Ijumaa mchana, usiufunge jioni. Wengine watapata Hifadhi ya Arusha ile ile Ijumaa, kwa wale ambao lazima waondoke usiku.

Jirani wa Nairobi, hapo ndipo Kigali walipotupita sote wawili. Jengo lao ni zuri, lakini zaidi ya jengo waliunda ofisi maalumu ya mikutano tangu 2014, ambayo kazi yake ni kukaa na mwandaaji kama huyu Maabara255 na kumshika mkono kutoka kwenye maombi mpaka uwanja wa ndege. Huku kwetu mara nyingi mwandaaji anajitafutia mwenyewe mtandaoni, kama tunavyoona.

Njiro Kwetu

Mzee umenigusa. Sisi wenye hoteli tuliegemea sana semina za serikali. Ilipokuja amri mwishoni mwa 2015 kwamba taasisi za umma zifanyie vikao kwenye kumbi zao wenyewe, kuna hoteli mji huu zilibaki na kumbi za kukaushia mashuka. Hapo ndipo wengine tulipojifunza kutafuta vyama kama hiki. Lakini mpaka leo mikataba yetu mingi ya mkutano inaishia siku ya mwisho saa nne asubuhi, toka chumbani. Hakuna anayemuuliza mgeni kama anabaki.

Kabwela Mstaarabu

Sawa, nimeelewa, naondoa kejeli. Lakini mgeni rasmi je? Maana hapo ndipo mikutano yetu inapofia. Waziri saa tatu, anafika saa sita.

Mzee wa Itifaki

Hahaha. Kabwela leo umeuliza la maana.

Usiweke ufunguzi asubuhi ya siku ya kwanza. Weka kikao cha kitaalamu saa mbili na nusu, ufunguzi saa tano. Akiwahi, unasimamisha kikao, hakuna dhambi. Akichelewa, watu wako kazini, hawakai wanatazama maua ya meza kuu. Baada ya ufunguzi inafuata picha ya pamoja, mabanda, chakula cha mchana. Vyote hivyo vinavutika. Kosa ni kuweka mada ya mzungumzaji mkuu kutoka ng'ambo mara baada ya hotuba ya ufunguzi: anapewa dakika saba na kuambiwa afupishe.

Kama mgeni rasmi ni wa ngazi ya juu kabisa, jua kwamba ukumbi si wako tena tangu jana yake. Watu wa usalama watakagua, mabanda yawe yamesimama usiku, wajumbe waingie mapema na hakuna kutoka-toka. Mwambie na mama wa chai, naye jina lake liwe kwenye orodha.

Na hotuba: ofisi yake itakuomba uandike rasimu. Andika fupi. Utakuwa umewafaa watu 280.

Mkalimani wa Zamu

Na mtuletee nakala yake chumbani! Hotuba ya kusomwa ndiyo inayotuua.

Maabara255

Wakuu nimejaa. Nimepeleka haya kwenye kamati, wamekubali Mei, wiki ambayo haigusi Idd. Tunafunga Ijumaa saa saba mchana. Fomu ya usajili itakuwa na swali la kubaki, Hifadhi ya Arusha na Kreta ya siku mbili kulala Karatu.

Nimebakiwa na mambo mawili. Usajili wa mlangoni, mjumbe mmoja kasema tupange meza kwa herufi ya jina la ukoo. Na makampuni mawili yanataka kuleta mashine za kupimia damu kwa ajili ya maonyesho, zinaingia vipi nchini?

Mzee wa Itifaki

La kwanza usilifanye. Muethiopia jina la pili ni la baba yake, si la ukoo. Msomali ana matatu. Mkongo anaweza kutanguliza la ukoo. Utapata foleni ya watu wanaobishana na kijana wa kujitolea kuhusu jina lao wenyewe. Panga kwa nchi. Kila mtu anajua katoka wapi, na akifika mezani anakutana na wenzake. Beji iandikwe jina analoitwa kwa herufi kubwa, chini nchi. Nembo ya mdhamini iwe ndogo.

Barua za mwaliko wa viza zitoke mapema, jina kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. Waambie na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wengi wako watatoka au kupitia nchi zinazodaiwa kadi hiyo.

La mashine waulizwe watu wa forodha.

Sombetini Juu

Hilo la mashine nalijua kidogo, nimefanya kazi bandarini. Mkuu, mtafute wakala wa forodha mwenye leseni aandike kama bidhaa zinazoingizwa kwa muda, zitakazorudi zilikotoka. Kuna dhamana inawekwa badala ya ushuru, na mashine lazima itoke ndani ya muda uliokubaliwa, la sivyo ushuru unadaiwa. Namba za mashine zilizoandikwa kwenye nyaraka zifanane na zilizo kwenye mashine yenyewe. Watu wanabadilisha mashine dakika ya mwisho na karatasi ni za ile nyingine, mzigo unakaa KIA mpaka mkutano unaisha. Vitendanishi (kemikali za kupimia) vya kwenye friji tenganisha kabisa na mashine, vina kibali chake, na vikikaa nje ya baridi ndiyo basi.

Na shemeji yangu mwenye ukumbi anasema wake ni wa watu 300, mpangilio wa viti vitupu. Nimemwambia asijisumbue.

TwendePorini

Maabara255, kwa wale wa Ijumaa mchana: waambie kwenye barua ya kukaribisha waje na viatu vya kufungwa na koti, Mei Momella kuna baridi. Na chakula cha mchana kiwe cha boksi, wakakilie hifadhini. Wakisema wale kwanza hotelini, tunatoka saa tisa na hifadhi hatuifaidi.